Kivuli kilichomponza Lebesgue

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni kosa la sentensi moja lililokaa ndani ya makala ya hisabati zaidi ya miaka kumi bila mtu kulishtukia. Kaka Hamisi, tuanzie wapi?

HAMISI: Ufaransa, 1905. Henri Lebesgue, yule yule wa kipimo cha Lebesgue, yaani njia ya kupima urefu au eneo la seti, alikuwa anachambua seti za Borel. Hizo unazipata hivi: unaanza na seti wazi, yaani ambazo kila pointi yake imezungukwa na pointi za seti hiyo hiyo, kisha unaruhusiwa kuchukua kilichobaki nje ya seti, muungano, au makutano ya orodha ya seti inayohesabika, yaani ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, na kurudia. Sasa chora seti ya aina hiyo kwenye bapa la x na y, imulike kutoka juu. Kivuli kinachoanguka kwenye mhimili wa x, nacho ni cha Borel? Lebesgue akasema ndiyo, tena kwa kupitia tu.

NEEMA: Ukisoma haraka unakubali. Kivuli cha muungano ni muungano wa vivuli, hapo hakuna ubishi.

HAMISI: Shida ni makutano. Alidhani seti zikizidi kupungua, moja ndani ya nyingine, kivuli cha makutano yake ni sawa na makutano ya vivuli. Jaribu hii: A-n iwe pointi zote ambazo y yake ni n au zaidi. Kivuli cha A-1?

NEEMA: Mhimili mzima wa x. Cha A-2 vilevile, na A-milioni.

HAMISI: Basi makutano ya vivuli ni mhimili mzima. Na makutano ya hizo A zenyewe?

NEEMA: Seti tupu. Hakuna y inayozidi kila n. Na kitu kisichokuwepo hakitoi kivuli.

HAMISI: Ndiyo hivyo tu. Aliyelinasa kosa ni Mikhail Suslin, mwanafunzi wa Nikolai Luzin huko Moscow, 1916, akachapisha mwaka uliofuata. Na hakuishia kusema pamekosewa. Alionyesha kwamba vipo vivuli vya seti za Borel ambavyo si vya Borel kabisa. Leo tunaviita seti changanuzi. Suslin alifariki 1919, akiwa na miaka 24.

NEEMA: Tuonyeshe moja, watu waishike mkononi.

HAMISI: Ya Luzin ni nzuri. Chukua namba isiyo wiano, yaani isiyo namba nzima gawanya kwa namba nzima, iandike kama sehemu ya mnyororo: namba nzima, jumlisha moja gawanya kwa namba nzima jumlisha moja gawanya kwa... bila kukoma. Kipeuo cha pili cha 2 kinatoa 1, kisha 2, 2, 2 milele. Halafu uliza: naweza kuokota humo, nikienda mbele tu, namba zisizo na mwisho ambazo kila moja inaigawanya inayofuata bila baki? Jibu likiwa ndiyo, namba hiyo imo kwenye seti yetu.

NEEMA: Kipeuo cha pili cha 2 kimo basi, kwa sababu 2 inagawanya 2. Ila mnyororo wa namba tasa, 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea, unaotoa karibu 2.313, haumo. Hakuna namba tasa inayogawanya nyingine.

HAMISI: Seti ya x zote zilizomo si ya Borel. Kivuli kiko wapi? Zile nafasi ulizookota ndiyo y. Nikikupa x na y pamoja, ukaguzi ni mwepesi, kugawanya tu hatua kwa hatua. Ukiificha y ukasema "ipo y fulani", umeshawasha taa. Neno "ipo" ndilo linalotupa kivuli.

NEEMA: Tushuke kazini. Mtu wa takwimu ana funksheni ya Borel f(x, y), yaani kwa kila namba a, seti ambapo f inazidi a ni ya Borel; anachukua upeo wake juu ya y zote, anaupa jina g(x), kisha anaandika "g ni ya Borel" na kuendelea na safari.

HAMISI: Seti ya x ambazo g inazidi a ni kivuli cha seti ambapo f inazidi a. Kwa hiyo akague seti hiyo ni ya namna gani. Ikiwa wazi, kivuli ni wazi, amemaliza. Ikiwa funge, yaani yenye kingo zake zote ndani, ajihadhari: xy = 1 ni seti funge, lakini kivuli chake ni kila x isipokuwa 0, na hicho si funge.

NEEMA: Bado ni cha Borel, lakini.

HAMISI: Ndiyo, kwa kukata vipande. Chukua y kati ya -n na n: y ikiwa na mipaka, kivuli cha seti funge ni funge. Unganisha vipande vyote, umepata Borel. Hatari inaanza ngazi inayofuata, makutano ya orodha inayohesabika ya seti wazi. Kuanzia hapo kivuli kinaweza kuponyoka.

NEEMA: Na dawa ya kawaida?

HAMISI: Kama f haikatiki upande wa y, tumia y wiano peke yake. Zinahesabika, upeo ni ule ule, g ni ya Borel. Kama inakatika, asiandike "ya Borel", aandike "inapimika kwa Lebesgue", maana Luzin alithibitisha 1917 kwamba kila seti changanuzi inapimika.

NEEMA: Wanaofanya nadharia ya michezo hawaishii hapo. Wanatafuta upeo wa f(x, y, z) juu ya y, halafu kima cha chini juu ya z.

HAMISI: Hao wanatupa kivuli mara mbili, na katikati wamegeuza seti kuwa kilichobaki nje yake. Hapo aksiomu za kawaida za seti zinanyamaza. Katika ulimwengu wa seti aliouunda mwanamantiki Kurt Gödel, wa 1938, ipo seti ya ngazi hiyo isiyopimika. Robert Solovay, 1970, akiongeza dhana ya kadinali isiyofikika, yaani ukubwa usio na mwisho usioweza kufikiwa kutoka kwa ukubwa mdogo zaidi, alijenga ulimwengu ambamo vivuli hivyo vyote vinapimika.

NEEMA: Kwa hiyo mhakiki akiuliza "hii inapimika kwa nini?", huwezi kumjibu "ni wazi".

HAMISI: Rudi kwenye masharti ya nadharia yako, ongeza kwamba f haikatiki kwa y na z, na useme hilo kabla ya kuandika upeo wa kwanza.