Wino wa Pambizoni

Hamjambo, ndugu zangu. Kabla sijasema lolote kuhusu kitabu cha kale nilichokuja kuwaeleza, naomba kila mmoja ashike taya lake la chini. Pitisheni kidole kuanzia chini ya sikio moja, mshuke hadi kidevuni, kisha mpande hadi sikio la pili. Mmekuta kiungo hapo katikati? Hamkukuta, kwa sababu mfupa huo ni mmoja. Lakini kwa zaidi ya miaka 1,300 Galen aliaminiwa aliposema ni miwili. Galen, tabibu mkubwa wa Kigiriki, alikuwa akipasua nyani na wanyama wengine, si maiti za watu. Walimu waliomfuata walikuwa na taya usoni, ila macho yao yalikuwa kitabuni.

Aliyelisahihisha hilo ni Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels. Mwaka 1537, akiwa hajatimiza miaka 23, alipewa kazi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Padua, Italia. Desturi ya wakati ule ilikuwa mwalimu akae juu kitini asome kwa sauti, na mtu mwingine, mara nyingi kinyozi, ndiye apasue maiti. Vesalius alishuka akashika kisu mwenyewe. Mwaka 1543, mjini Basel, Johannes Oporinus akamchapia kitabu kikubwa kiitwacho De humani corporis fabrica, kuhusu umbile la mwili wa binadamu.

Picha zake zilichongwa kwenye vibao vya mti wa mpeasi, mjini Venice, kisha vikavushwa milima ya Alps hadi kwa mchapaji. Itazameni safu ya picha za watu waliochunwa ngozi ili misuli ionekane. Wa kwanza amesimama wima na misuli yake yote. Kila ukifunua, tabaka linachunwa, mpaka unafika kwa mtu asiyeweza hata kujisimamisha, anaegemea ukuta. Nyuma yao kuna vilima, magofu na vijiji, na ukizipanga picha hizo sawasawa, mandhari inaungana. Fundi alikuwa na kazi ya kuonyesha msuli tu, akaongeza na nchi nzima. Vibao vyenyewe vilidumu karne nne. Mwaka 1934 vilichapa tena; mwaka 1944 viliteketea Munich kwa mabomu ya vita.

Sasa nije kwenye bei, maana najua wengi mmekuja kwa hilo. Watu hudhani kitabu cha kale kina thamani kwa sababu ni cha kale na ni adimu. Watafiti wamezihesabu nakala za toleo la 1543 na la pili la 1555, wakapata zaidi ya 700 duniani. Kwa kitabu cha umri huo, hizo si chache. Mnunuzi makini hutazama mengine: kurasa zimetimia? Karatasi za kukunjwa zenye michoro ya mishipa zipo? Muhtasari alioutoa Vesalius mwaka huohuo wa 1543 ni adimu kuliko kitabu kikubwa, na sababu naipenda sana: una kurasa ambazo mwanafunzi alitakiwa akate picha za viungo kwa mkasi na kuvibandika mahali pake. Waliotii maelekezo waliharibu nakala zao.

Kisha mnunuzi huuliza: kimepita mikononi mwa nani? Mwaka 1998, huko New York, nakala aliyopewa Mfalme Mkuu Charles wa Tano, iliyotiwa rangi kwa mkono, ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 1.6.

Lakini nakala inayonigusa mimi ni ya toleo la pili, na haikuwa ya mfalme. Daktari mmoja wa Kanada, mtaalamu wa patholojia, aliinunua mnadani mwaka 2007. Pambizo zake zilijaa maandishi ya Kilatini, na mengine yalikuwa katikati ya mistari: maneno yamekatwa, sentensi zimeandikwa upya. Nani angethubutu kumsahihisha Vesalius namna hiyo? Mwanahistoria Vivian Nutton alipochunguza mwandiko na aina ya marekebisho, alifikia jibu kwamba ni Vesalius mwenyewe, akiandaa toleo la tatu. Hata picha hakuziacha: amemwagiza mchongaji arekebishe herufi ambazo hazionekani vizuri. Toleo hilo halikutoka. Alifariki mwaka 1564 katika kisiwa cha Zakynthos, akirudi kutoka Yerusalemu.

Februari 2024 nakala hiyo iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2.2, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, mji aliosomea Vesalius ujanani.

Nawaambieni hili kwa uchungu kidogo. Katika karne ya 19 matajiri walipenda vitabu vyeupe, visivyo na alama. Mafundi wa kujalidi vitabu walizilowesha karatasi kuondoa wino wa wasomaji wa zamani, na walipojalidi upya walikata kingo zilingane, wakiondoka na nusu ya maneno ya watu. Walidhani wanaondoa uchafu. Kwenye nakala ya Leuven hakuna aliyefanya hivyo. Mkono wa mtu aliyekisahihisha kitabu cha Galen bado uko pale, unasahihisha cha kwake.