Kisiki Aliyepewa Penalti: Andreas Granqvist na Sweden ya 2018

Habari za jioni, na poleni na foleni. Naona mliowahi mmekaa nyuma kabisa, kama mabeki wanaoogopa kupanda na kona. Sogeeni, viti vya mbele havina kadi nyekundu.

Kocha aliniomba nizungumze na vijana wanaocheza namba nne na tano, yaani mabeki wa kati. Wengi mlitarajia Maldini, yule beki maarufu wa Italia. Mimi leo nimemleta Andreas Granqvist, beki aliyekuwa nahodha wa Sweden. Anayemkumbuka anyooshe mkono. Haya, wawili. Mmoja naona ananyoosha kwa huruma tu.

Kwao humwita Granen. Gran kwa Kiswidi ni ule mti wa majani kama sindano unaopambwa Krismasi. Kwetu beki asiyepitika anaitwa kisiki. Nimewahi kuliwaza hili nikaona tunawaonea mabeki wetu: kisiki ni mti ambao tayari umekatwa! Waswidi angalau wamempa wa kwao mti mzima, bado umesimama.

Alizaliwa 1985, akakulia Påarp, nje kidogo ya Helsingborg, mji wa bandari ambako ukipanda feri unavuka mlango wa bahari na kushuka Denmark hata chai haijapoa. Klabu ya mji, Helsingborgs IF, ndiyo iliyomkuza. Mwaka 2007 akaenda Uingereza, Wigan Athletic, na huko mambo hayakumwendea: namba ya kudumu hakuipata, akarudi nyumbani. Wako wachezaji wengi ambao hadithi yao inaishia hapo. Yeye akaenda Groningen ya Uholanzi, kisha Genoa ya Italia, kisha Krasnodar ya Urusi alikokaa miaka mitano. Hakuna hata klabu moja hapo ambayo mnavaa jezi yake mtaani. Sikilizeni vizuri lakini: huko Groningen ndiko beki huyu wa zaidi ya mita 1.90 alipoanza kuaminiwa kupiga penalti. Hilo liwekeni akiba.

Sasa Zlatan Ibrahimović. Huwezi kuitaja Sweden ya miaka ile bila yeye. Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa Sweden, Guldbollen, yaani Mpira wa Dhahabu, aliichukua mara kumi mfululizo, 2007 hadi 2016. Baada ya Euro 2016 akaaga timu ya taifa, na kitambaa cha unahodha akavalishwa Granqvist. Jaribuni kukiona chumba cha kubadilishia nguo siku hiyo. Aliyeondoka anafunga kwa tikitaka kutoka mbali, anajisifu kwa waandishi na watu wanacheka. Aliyebaki kazi yake ni kupiga kichwa krosi zitoke nje.

Na krosi zilikuja. Novemba 2017, mchujo wa kwenda Kombe la Dunia, Sweden na Italia. Mechi ya kwanza, nyumbani kwao Solna, Sweden walishinda 1-0. Marudiano yalikuwa uwanja wa San Siro, Milan, tarehe 13. Mechi ile niliitazama mara mbili, mara ya pili nikiwa na daftari, maana mara ya kwanza niliitazama kama shabiki na shabiki haoni kitu. Italia walikaa na mpira zaidi ya asilimia 70 ya muda. Wanazunguka, wanafika pembeni, krosi. Wanazunguka tena, krosi. Katikati wamesimama Granqvist na beki mwenzake Victor Lindelöf. Mtazameni Granqvist miguu: habanduki pale kati ya goli na mshambuliaji. Hakimbilii mpira. Mpira ukiwa pembeni, anatupa jicho kwa mtu wake, anarudi kwenye mpira, anatupa jicho tena kwa mtu, na mwili amekwisha uelekeza upande. Ukifika ni kichwa, kwa nguvu, popote. Wenzetu huku wangemzomea kwa kubutua. Dakika 90 zikaisha 0-0, na Italia wakakosa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1958. Golikipa wao, Buffon, alilia mbele ya kamera. Mwezi huohuo Granqvist akapewa Guldbollen. Beki wa mwisho kuipata kabla yake alikuwa Olof Mellberg, 2003. Mellberg naye mwekeni akiba.

Tufike Urusi, 2018. Tarehe 18 Juni, Nizhny Novgorod, Sweden na Korea Kusini. Hakuna goli hadi kipindi cha pili. Viktor Claesson anaangushwa ndani ya boksi, mwamuzi anapeta, mpira unaendelea. Baadaye anasimamisha, anakwenda kutazama video, anarudi, penalti. Muda wote huo mpigaji ana kazi ya kusubiri. Mlio humu mnaopiga penalti mnajua: penalti ya papo kwa papo ni rahisi. Ya kusubiri inakupa nafasi ya kumkumbuka mama yako, kocha wako na ile uliyokosa darasa la saba. Na aliyekuwa anasubiri ni beki. Mshambuliaji akikosa, kesho ana nafasi nyingine tano. Beki akikosa, wanamuuliza nani alikutuma.

Tena mkewe alikuwa Sweden, mjamzito wa siku za mwisho. Nahodha aliamua kubaki na timu, na binti yao alizaliwa baba akiwa bado Urusi. Sisemi alifanya sawa. Hilo ni la nyumba yao, na wenye wake humu najua mtalijadili kwenye daladala. Nasema tu hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa mtu anayeweka mpira kwenye nukta.

Akapiga chini, taratibu, golikipa kaenda upande mwingine. Dakika ya 65. 1-0, mechi ikaisha hivyo.

Mechi ya pili, Ujerumani wakawafunga 2-1 kwa mpira wa adhabu wa Toni Kroos dakika ya 95. Aliyecheza ile faulo ni Jimmy Durmaz, na usiku ule alitukanwa mitandaoni matusi ya ubaguzi, familia yake pia. Kesho yake mazoezini Durmaz alisoma tamko mbele ya kamera, na timu nzima imejipanga nyuma yake. Kwa mimi, ukuta ule ni ulinzi kama wa San Siro.

Kisha Mexico, tarehe 27, Yekaterinburg. Sweden wanaongoza 1-0, Marcus Berg anaangushwa, penalti. Anakwenda yuleyule. Safari hii hakuitelezesha: aliupiga kwa nguvu, juu, golikipa Ochoa hakuugusa. Matokeo 3-0, Sweden wakaongoza kundi ambalo Ujerumani, mabingwa watetezi, walishika mkia. Wakawatoa Uswisi 1-0, wakatolewa na Uingereza 2-0 robo fainali huko Samara. Vichwa viwili vya Uingereza, kimoja cha kona, kimoja cha krosi. Ndiyo hivyo, hata mti huyumba.

Sasa hapa ndipo ninapompendea zaidi. Kabla ya mashindano yale alikwisha kubali kurudi Helsingborg, ambayo ilikuwa imeshuka daraja mwaka 2016. Nahodha wa timu iliyofika robo fainali ya dunia akatoka Samara kwenda kucheza daraja la pili. Mwaka uleule wakapanda.

Lakini mpira si hadithi ya bibi. Mwaka 2020 Helsingborg wakashuka tena, Granqvist akiwa nahodha. Na kwenye benchi, kocha alikuwa nani? Mlimweka akiba: Olof Mellberg. Mabeki wawili wenye Mpira wa Dhahabu, mmoja uwanjani na mmoja mstarini, na timu ikazama. Mwaka 2021 wakapanda kwa mchujo, na Granen akatundika daluga akiwa na mechi 88 za taifa na magoli 9.

Naona mkono kule nyuma. Unauliza kwenye mazoezi nani apige penalti? Kijana, wewe unacheza namba ngapi? Namba tano. Basi chukua mpira, tutoke nje kabla giza halijaingia.