Ziwa Kivu halihitaji sangara ili kuwa na mashindano ya ndoano

(Mhadhara uliotolewa Bukavu mbele ya vijana wapenda ndoano, wazazi wao na akina mama wauza samaki)

Bwana mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliojazana karibu na mlango ili mpate njia mhadhara ukirefuka: nawasalimu.

Wengi hapa mmeshanisikia juu ya jambo hili, na mnajua kwamba sijabadilika. Basi nilitoe mapema. Hakuna sababu hata moja ya kuleta sangara ndani ya Ziwa Kivu. Si mmoja, si vifaranga ndani ya bidoni, si "kwa majaribio tu, mzee, katika bwawa la shangazi kule Kabare". Mvua za Kabare mnazijua. Bwawa likifurika, maji yanashuka wapi?

Mtaniuliza sangara ameingiaje katika mazungumzo ya michezo. Ameingia kwa mlango wa simu. Kila yanapotajwa mashindano ya ndoano tunayoyaandaa hapa Kivu, kijana mmoja anasimama na kunisogezea picha: mtu amepiga goti, amekumbatia samaki anayemzidi kiwiliwili. Rekodi ya dunia ya sangara ni kilo 104.32, alivuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Halafu swali: "Sisi tutashindana na nini, mzee? Na tilapia wa sahani?"

Ndiyo. Na tilapia wa sahani, na hata wadogo zaidi yake. Nitafika huko.

Kwanza mnipe nafasi nieleze samaki mkubwa anawafanya nini watu wazima wenye akili zao. Tarehe 30 Septemba 2022, mji wa Cleveland, Marekani, ukingoni mwa Ziwa Erie, ilikuwa fainali ya ligi ya uvuvi. Kule wanamvua samaki mmoja mla wenzake, mwenye macho yanayong'aa gizani. Kila timu inaleta samaki watano, wanapimwa kwa pamoja, mzito anashinda. Zawadi ilikuwa karibu dola 29,000. Wakaja wanaume wawili ambao walikuwa wameshashinda kabla, na watu walikuwa wameshaanza kunong'ona. Wakaweka samaki wao watano kwenye mizani. Mkurugenzi wa shindano alikuwa amewatazama akakisia kilo 9 hivi. Mizani ikasema kilo 15 na ushei.

Sasa muone uzuri wa mtu anayejua samaki. Hakuanza kwa kelele wala kwa polisi. Alimshika samaki tumboni, akaminya. Ninyi akina mama wa sokoni mnajua mkono huo, mnauona kila siku mteja anapowaharibia mali. Akaminya, akahisi kitu kigumu. Akachukua kisu, akapasua mbele ya kadamnasi, likatoka donge la madini ya risasi, duara, kubwa. Akapasua wa pili, likatoka jingine. Kwa jumla madonge 10, zaidi ya kilo 3 za risasi ndani ya matumbo ya samaki watano! Na siyo risasi peke yake: ilitoka pia minofu ya samaki wengine, iliyosukumizwa humo, nadhani ili madonge yasigongane yakalia. Yaani mtu alikaa chini, akachuna samaki mmoja, akakata minofu, akaanza kumlisha samaki mfu. Huyo mtu alikuwa na mashua ya bei ya nyumba. Na muda huo wote angeweza kuwa anavua.

Umati ukawaka. Video yake ilizunguka dunia nzima, najua wengine mmeiona, na mlicheka. Mwaka 2023 walikiri mahakamani: siku 10 jela, mashua ikachukuliwa, leseni zao zikasimamishwa kwa miaka 3.

Sisimulii hii ili tuwacheke Wamarekani. Naisimulia kwa sababu nawajua watu wa Bukavu. Siku tutakapotangaza hapa dola 500 kwa samaki mmoja mzito, kesho yake misumari itaadimika sokoni Kadutu.

Na pale ambapo hakuna aliyedanganya, pesa inapindisha mambo vilevile. Juni 2023, baharini, pwani ya North Carolina, mashua moja ilishindana na nduaro, yule samaki mkubwa mwenye pua kama mkuki, kwa saa zaidi ya tano. Wakamleta bandarini: kilo 281, mkubwa kuliko wote wa shindano. Walikuwa wanahesabu dola milioni 3 na nusu. Waamuzi wakamgeuza, wakakuta papa amemng'ata. Kanuni ya IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi tangu 1939, iko wazi: samaki aliyejeruhiwa na mnyama mwingine kabla hajatolewa majini hahesabiwi, maana hujui nani alimchosha, wewe au papa. Milioni zikaenda kwa samaki wa kilo 220. Kanuni ni ya haki, mimi naitetea. Lakini yule nduaro mkubwa amekufa, na hakuwa na faida kwa shindano lenyewe. Pwani ya Kenya, kule Watamu na Malindi, wavuvi wengi wa michezo siku hizi wanamtia sulisuli, jamaa wa nduaro, lebo ubavuni wakiwa bado baharini, wanamwachia. Akivuliwa tena mbali huko, watu wanajifunza amesafiri wapi. Huo mchezo naupenda.

Haya, turudi kwetu.

Mnataka samaki mkubwa wa ndoano? Nchi yetu inaye. Rekodi ya dunia ya mbenga ni kilo 44, alivuliwa Mto Kongo, Kinshasa, mwaka 1988. Mbenga ana meno ya kukata waya, na yuko kwao. Hakuna aliyembeba kwa bidoni. Ukitaka kupambana naye, panda ndege. Tanganyika nako kuna jamii za sangara wa huko huko, waliozaliwa na ziwa lao, na kuna nkupi. Nendeni Uvira, mtarudi mmechoka na kufurahi. Kivu hawamo, na kutokuwamo kwao kuna sababu. Zamani ziwa hili lilitiririka kuelekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zikaliziba, likajaa, likapasua njia ya kusini ambayo leo ndiyo Ruzizi. Maporomoko ya Ruzizi hayapandwi na samaki wa Tanganyika. Ndiyo maana aina za samaki hapa hazifiki hata 40, wakati Tanganyika wana mamia.

Kuna anayetaka kunikatiza, namwona. Anataka kusema: "Mzee, mbona sambaza, dagaa wetu, naye aliletwa?" Aliletwa, kweli, kutoka Tanganyika, mwaka 1959 na 1960 hivi, na leo bila sambaza soko letu lingekuwa na kilio. Sikatai. Lakini tazama anakula nini. Sambaza anakula vijidudu vinavyoelea katikati ya ziwa, mahali ambapo hapakuwa na samaki wa kuvila. Alipata chumba kitupu. Na hata hivyo hakuingia bure: kiroboto-maji mmoja mkubwa, aliyekuwa akisafisha mwani, alitoweka kabisa. Hiyo ni gharama ya mgeni mpole. Sangara si mpole, anakula samaki. Ataanza na nani? Na sambaza!

Na usiniambie ziwa ni refu kwenda chini, mita 485, kila mmoja atapata pake. Maji ya chini ya mita 60 hivi hayana oksijeni, na huko ndiko iliko gesi ya methani tunayoisikia kila siku. Samaki wote wa Kivu wanaishi kwenye tabaka jembamba la juu. Sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko wengi wao, kwa hiyo atakaa hapo hapo, na chakula chake kikiwa mbele ya mdomo.

Ziwa Victoria walishafanya jaribio hili kwa niaba yetu. Sangara alitiwa huko miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na mojawapo ya hoja, sikilizeni vizuri, ilikuwa uvuvi wa michezo. Visamaki vidogo vilionekana takataka, basi aletwe mkubwa avigeuze kuwa nyama. Alivigeuza. Aina zinazokadiriwa kufika 200 zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Viwanda vya minofu vilitajirika, hilo ni kweli, na mtu wa viwanda anaweza kuja hapa kulitetea. Mimi nazungumza na watu wa ndoano.

Sasa visamaki vyetu. Wale wa miambani, wenye madoa ya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini: wataalamu huwaita haplokromi, na aina 15 hivi ziko Kivu tu, duniani kote hakuna pengine. Jike anatunza mayai mdomoni, na vifaranga wakitishika wanarudi humo humo. Ukimvua jike mwenye mzigo, mara nyingi anawatema wote kiganjani mwako: nukta zenye macho, zinarukaruka. Mtoto aliyeona hilo mara moja anajua kulowesha mkono kabla ya kumshika samaki, humhitaji mwalimu.

Na hao watoto ndio mabingwa wetu. Tembea ukingoni Muhumba jioni, tazama kijana wa miaka kumi. Fimbo ya mwanzi, nailoni ya mita tatu, boya alilokata kwenye kandambili iliyokufa, ndoano ndogo kuliko ukucha, punje ya ugali iliyokandwa na mate. Boya halizami, linatetemeka tu, na yeye tayari ameshainua. Wewe mwenye kifaa cha dola 200 ungesubiri lizame, na chambo kingekuwa kimeliwa zamani.

Mnadhani nawabembeleza? Ulaya wana ubingwa wa dunia wa uvuvi wa aina hii hasa. Wavuvi wanapiga kura ya nafasi, kila mmoja anakaa kipande chake cha ukingo, hahami. Muda ni mmoja kwa wote. Samaki wanawekwa katika wavu mrefu uliozama majini, wakiwa hai, wanapimwa mwishoni kwa jumla, wanarudishwa. Wengi ni wa urefu wa kidole. Bob Nudd wa Uingereza amekuwa bingwa wa dunia mara nne, 1990, 1991, 1994 na 1999, na hakuna aliyemwambia akatafute sangara. Robert Tesse wa Ufaransa alishinda mara tatu kabla yake. Mchezo huo ni wa mkono na jicho. Na udanganyifu? Jaza risasi visamaki 150, kimoja kimoja, ndani ya saa tatu, na wewe huku unavua. Nitakupa kombe la uvumilivu.

"Lakini mzee, watoto wana njaa, wewe unarudisha samaki ziwani!" Hili naulizwa hata kanisani. Tilapia na kambale wa kutosha sufuria, mvuvi aende nao nyumbani, amevua, ni haki yake. Haplokromi warudi. Na anayejali kweli samaki wadogo aanze na wale wanaokokota chandarua ukingoni mchana kweupe, ambako mazalia yote yanaokotwa pamoja na matope. Ndoano ya mtoto haijawahi kumaliza ziwa lolote.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu juu ya usalama: kila anayeingia kwenye pirogi avae jileti ya kuokolea, bila jileti hakuna namba ya ushiriki, na upepo wa mchana ukianza shindano linasimama hata kama wewe ndiye unaongoza. Nilikuwa na nyingine juu ya chupa za plastiki zinazokwenda kuziba mitambo ya Ruzizi. Hiyo naiacha, mnaiona wenyewe kila umeme unapokatika.

Zawadi za shindano letu: hakuna pesa taslimu. Bunda la nailoni, ndoano za namba ndogo zilizobanwa lile jino la nyuma ili zitoke bila kuchana mdomo, na karo ya muhula mmoja kwa mshindi wa chini ya miaka 15, kama wafanyabiashara walioahidi watatimiza. Wawili kati yao wako humu ndani na wanatazama chini.

Karatasi ya kanuni iko pale mlangoni kwa kijana mwenye shati la kijani. Kifungu cha nne, kinachohusu ukubwa wa wavu wa kuhifadhia samaki, bado tunabishana, kwa hiyo mwenye kalamu aandike maoni yake pembeni. Sasa maswali, na aanze mama pale wa pili, maana amenyoosha mkono tangu nilipomtaja sambaza.