Kikombe Kisichoshikika: Uhalisia Pepe na Mkono Uliopooza

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia mkono uliodhoofishwa na kiharusi, na kwa nini haitoshi kumwonyesha mgonjwa kikombe kwenye miwani ya uhalisia pepe, yaani miwani inayomwonyesha mtu ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta kana kwamba yumo ndani yake.

Baada ya kiharusi ubongo hujipanga upya kwa mazoezi, yaani kurudia tendo lilelile mara mamia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba katika kikao kimoja cha tiba, mgonjwa alirudia matendo ya kutumia mkono kwa wastani wa mara 32 tu. Ni kidogo mno! Hapo miwani inasaidia kweli: mtu anachuma matunda, anapanga vitu kwenye rafu, anarudia na kurudia bila kuchoshwa upesi.

Lakini tazameni vidole vinapofika kwenye kikombe. Vinapenya. Hakuna uzito, hakuna ukingo wa kuvizuia. Kiganja na vidole vina vihisi vya mguso vipatavyo 17,000, na hapo havina habari ya kuupelekea ubongo. Kikombe halisi kikianza kuteleza, mkono hukaza mshiko kabla hata hujawaza. Mtu mwenye afya njema akitiwa ganzi kwenye ncha za vidole, kisha akapewa njiti ya kiberiti aiwashe, atahangaika sana, ingawa macho yanaona na misuli ina nguvu.

Ndiyo maana zikaja glavu za mtetemo, ambazo humjulisha mgonjwa kwamba amegusa, na mashine zenye mota, ambazo husukumana naye ili ajifunze kupima nguvu. Mimi naziamini zaidi hizi za pili, japo ni nzito na ghali, mradi zisimfanyie kazi yote. Mota ikiubeba mkono, mwenyewe huacha kujitahidi.

Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 72, hayakuona uhalisia pepe ukiishinda tiba ya kawaida ya mkono. Faida ilionekana ulipoongezwa juu ya tiba hiyo. Kwa hiyo nawasihi wakuu wa hospitali: msinunue miwani ili mpunguze wataalamu. Mchezo wa kwenye miwani unaweza kumpa mgonjwa alama zote kwa sababu mkono umefika, kumbe amefikisha kwa kuinamisha kiwiliwili, kiwiko hakikunyooka hata kidogo. Mtaalamu aliye kando yake huliona hilo papo hapo, humshika bega, na kumwambia aegemee kiti aanze tena.