Mstari wa Kati na Usawa wa Vipande

Ndugu wasikilizaji, nachora kipande cha mstari AB, kisha mstari mwingine unaokikata katikati, kwenye nukta M, kwa pembe mraba. Huu nitauita mstari wa kati wa AB. Chukueni nukta yoyote P juu yake, nje ya M. Pembetatu PMA na PMB zina upande PM kwa pamoja, AM ni sawa na MB, na pembe iliyo kati ya pande hizo ni nyuzi 90 kotekote. Kwa kanuni ya pande mbili na pembe iliyo kati yake, ambayo Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliithibitisha katika pendekezo la 4 la kitabu cha kwanza cha Elements, pembetatu hizo ni sawa kabisa, na hivyo PA ni sawa na PB. Kupima kwa rula hakukuhitajika.

Kinyume chake ni kweli pia, na ndicho chenye manufaa zaidi: nukta iliyo mbali sawasawa na A na B haina budi kuwa juu ya mstari wa kati.

Tukitumie sasa. Maduara mawili yana kitovu kimoja O, na mstari usiopita O unayakata kwenye nukta mpya A, B, C na D kwa mfuatano, A na D zikiwa za duara kubwa. Je, AB ni sawa na CD? OA ni sawa na OD, kwa hiyo O iko juu ya mstari wa kati wa AD. Kwa sababu iyo hiyo, iko juu ya mstari wa kati wa BC. Lakini kutoka O huteremka mstari mmoja tu unaokutana na AD kwa pembe mraba, hivyo mistari hiyo ya kati ni mmoja, nao unakutana na AD kwenye nukta moja, ambayo sasa naiita M. AM ni sawa na MD, BM ni sawa na MC. Tukitoa, AB inabaki sawa na CD.

Kosa ninalolikuta mara kwa mara madaftarini ni hili: mwanafunzi huandika kwamba anachora kutoka O mstari unaofika katikati ya AD kwa pembe mraba, bila kusema lolote zaidi. Ana hiari ya kuchagua sharti moja, la pili alithibitishe. Akiyadai yote mawili kwa mpigo, amejipa bure kile alichotakiwa kukithibitisha. Kinachoyaunganisha masharti hayo ni usawa wa OA na OD, nao uandikwe kabla mstari haujachorwa.