Kumzoesha Hamsta Mkono

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Tuanze na vidole, maana ndivyo vinavyoponza. Hamsta, mnyama mdogo wa kufugwa anayefanana na panya, haoni vizuri, mambo mengi huyajua kwa pua. Kidole kilichotoka kwenye samaki wa kupaka, kwake ni samaki: atakitia meno aonje. Nawa kwanza kwa sabuni isiyonukia sana, usuuze vizuri.

La pili ni kumnyakua kutoka juu. Porini, anayemjia kutoka juu ni bundi au mwewe. Mkono uingie chini, ubavuni mwake, taratibu. Wala asiamshwe. Mtoto anayerudi madrasa alasiri akamtoa usingizini ataumwa, na kosa si la mnyama. Ngojeni Isha ipite, aamke mwenyewe, ale, ajisafishe.

Siku tatu nne za kwanza mwacheni. Badilisha maji na chakula, sema naye kwa sauti ya chini. Karibu na kiota chake weka kipande cha tishu ulichokishikashika, aizoee harufu yako. Kisha laza kiganja ndani ya tundu, mbegu ya alizeti ikiwa kwenye ncha za vidole. Akizoea, isogeze mbegu hadi katikati ya kiganja. Atatanguliza miguu ya mbele, huku ya nyuma imebaki kwenye maranda, tayari kukimbia. Hapo wengi huharibu kwa kumwinua. Usimwinue! Hata akipanda mzima, mwache ashuke mwenyewe kwa siku kadhaa. Dakika tano hadi kumi kila usiku zatosha, na mbegu mbili tatu, kwani alizeti ina mafuta mengi.

Ukianza kumbeba, tumia viganja viwili, nawe umekaa sakafuni. Akianguka kutoka juu huvunjika mguu.

Joto letu la kaskazi nalo ni shida. Likipita nyuzi 30, hamsta huweza kuzidiwa. Tundu likae mbali na jua la dirishani, ndani uweke kipande cha kigae baridi alalie. Akihema mbio, mazoezi basi.

Akiuma, usimtikise wala usimpige. Teremsha mkono hadi chini aachie. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, uulize hospitali kuhusu chanjo ya pepopunda. Na aliyekuwa mpole akianza kuuma ghafla, huenda anaumwa: mtazame meno kama yamerefuka, tafuta uvimbe au kidonda, umpeleke kwa daktari wa mifugo.