Idhini ya Nani?

(Mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta, Kisumu)

Hamjambo wadogo zangu. Asanteni kwa kubaki hadi saa hizi, na joto hili.

Mmoja wenu ameniuliza pale mlangoni: "Mwalimu, nikiingia kwenye mtandao wa mtu nisiharibu kitu, kosa langu ni lipi?" Ni kule kuingia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 haingoji uharibu. Kifungu cha 14 kinasema ukivunja kinga ya mfumo ili uingie, nawe wajua hujaruhusiwa, faini ni hadi shilingi milioni 5, au jela hadi miaka 3, au vyote viwili.

Sasa tuseme shangazi yako ana hoteli ya samaki kule Dunga. Anakwambia, "Hebu niangalilie waifai yangu kama iko salama." Ruta iliyo ukutani ni yake, kwa hiyo anaweza kukuruhusu kuijaribu. Je, wale wateja wanaongoja ngege, simu mkononi? Jumbe zao si mali ya shangazi. Ukianza kunasa yanayopita hewani umeshaangukia kifungu cha 17, na hapo faini inafika milioni 10, au jela hadi miaka 5, au vyote viwili. Na kama tovuti yake imepangishwa kwenye seva ya kampuni nyingine, neno lake halifiki huko.

Hata kwa shangazi, andikeni. Ruta ipi, siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, nini hutagusa, nani apigiwe simu mambo yakiharibika. Kisha atie sahihi kabla hujafungua kompyuta.

Nayasema haya kwa uchungu. Nikiwa mwanafunzi, niliona nambari yangu ya usajili kwenye anwani ya ukurasa wa matokeo. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho, yakatokea matokeo ya mwenzangu. Hapo ningeacha, nikaripoti. Ukurasa mmoja ulitosha kuonyesha kasoro. Lakini niliendelea, nikafungua karibu arobaini. Mmoja wa wale arobaini alikuwa amefeli na hakuwa amemwambia mtu, nami nikakutana naye kesho yake kwenye foleni ya chakula. Sikuweza kumtazama usoni. Faragha ya watu inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba, lakini mimi niliielewa pale kwenye foleni.

Mazoezi yanafanyika wapi, basi? Kwenye mashine zenu. Kifungu cha 18 kinaadhibu anayeunda au kumiliki zana za udukuzi bila sababu, ila kinaacha nafasi kwa mafunzo na majaribio yaliyoidhinishwa. VirtualBox, programu inayokuwezesha kuendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, ni ya bure. Weka Metasploitable ndani yake, mfumo uliotengenezwa makusudi ukiwa na mianya, ishambulie usiku kucha. Iunganishe na kompyuta yako peke yake, kamwe usiiweke kwenye mtandao wa chuo, maana mwingine ataingilia mianya hiyohiyo.

Nakala za mfano wa barua ya idhini ziko hapa mezani. Chukueni mbilimbili, moja ya shangazi.